Intakomu ifungue geti yenyewe, jibu kwa dada wa Upanga

Dada mmoja kaniuliza, nafupisha. Wanakaa Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, jengo la zamani lenye flati 12, chini kuna geti la chuma lina kitasa cha umeme, na kila flati ina intakomu ya ukutani ile ya mkono kama simu ya zamani, ina kitufe kimoja cha kufungulia. Mchana mama yake anabaki peke yake, magoti hayamsaidii, na mjukuu anarudi shule saa tisa na nusu. Intakomu iko jikoni, mama muda wote anakaa roshani. Kengele ikilia mpaka afike jikoni ni dakika nzima, mtoto huko chini anabonyeza tena na tena, juzi mama akikimbilia kidogo aanguke. Anauliza: naweza kuifanya intakomu ikilia tu geti lifunguke lenyewe? Na je nikichezea yangu nitaharibu za majirani?

Salama dada yangu, na mama mpe shikamoo yangu. Inawezekana, tena kwa intakomu ya aina hiyo ni kazi ya jioni moja. Ila hizi vitu nimezifunga sana na nakwambia mapema, geti linalofunguka kila kengele ikilia hapo hujaweka otomatiki, umetoa geti. Kitufe cha kengele kiko nje barabarani, anabonyeza kijana wa gesi, anabonyeza machinga, wanabonyeza watoto wanaotoka tuisheni halafu wanakimbia, na siku ikijulikana mtaani kwamba bonyeza ile ya tatu inafungua, basi watu wa flati 12 wote wanalala mlango wazi kwa ajili yenu. Waya nitakuelekeza, lakini mama tutamfanyia chake na mtoto chake, maana ukiangalia vizuri shida zao hazifanani hata kidogo. Mama shida yake ni umbali, akili ya kuamua nani aingie anayo. Mtoto shida yake ni kusubiri.

Kwanza elewa hiyo kitu ukutani. Kwenye majengo ya zamani mfumo ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Huko chini kuna transfoma inashusha umeme wa 230 mpaka volti 12 za AC (umeme unaogeuka mbele na nyuma, tofauti na DC ya betri inayokwenda upande mmoja), upande mmoja unaenda kwenye koili ya kitasa, yaani waya uliozungushwa unaovuta ulimi wake kama sumaku, kutoka kwenye koili waya unapanda juu unapita flati zote, na kwenye kila flati kuna kitufe kinachouunganisha huo waya na waya wa pamoja unaorudi kwenye transfoma. Basi. Kitufe chako ni swichi kama ya taa, ukibonyeza mzunguko unakamilika, kitasa kinanguruma trrrr, geti linaachia. Vitufe vyote 12 vimeungwa sambamba, yaani chochote kitakachogusanisha nyaya mbili hizo kitafungua geti, hata kipande cha waya. Na hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo: ukiweka kitu sambamba na kitufe chako huharibu ya mtu, ila kitu chako kikiganda kimefunga, koili ya kitasa itabaki na umeme mfululizo, inachemka, inaungua, na hapo majirani wote hawana geti na wote watajua ni nani. Kitasa cha aina hiyo kimetengenezwa kwa mguso wa sekunde moja mbili. Hii usiisahau, nitairudia huko mbele.

Sasa fungua kava, piga picha kabla hujagusa kitu (watu wanaidharau sana hii halafu wananiita saa nne usiku), halafu chukua mita ya fundi, ile ya elfu chache tu inatosha, weka kwenye AC. Pima kati ya waya wa pamoja na waya wa kitufe. Kama kitufe hakijabonyezwa unasoma kama volti 12, ukibonyeza inashuka karibu na sifuri, umeshampata, ni mfumo wa kawaida na maisha ni rahisi. Kama ni intakomu ya kampuni ya Urmet ya zamani utakuta skrubu zina alama, 6 ndio ya pamoja, 9 ndio ya kitasa, CA ndio inayoleta kengele, na 1 na 2 ni za sauti. Aina nyingine namba zake tofauti kwahiyo mita ndio iseme, sio mimi.

Ukikuta nyaya mbili tu zinaingia, na ukipima ni DC ya volti 20 na zaidi iliyotulia na ukibonyeza haibadiliki kitu cha maana, hapo simama. Huo ni mfumo wa dijitali, sauti na kengele na amri ya kufungua vyote vinapita kwenye nyaya hizohizo mbili kama ujumbe, na ukizigusanisha unazima intakomu ya jengo zima. Hata hapo bado kuna njia, hugusi nyaya za ukutani kabisa, unafungua intakomu, kwenye bodi yake ya ndani unapiga lehemu nyaya mbili nyembamba kwenye miguu ya kitufe chenyewe, ili intakomu idhani ni kidole kimebonyeza. Njia hii inakubali karibu kila mahali. Ila zipo intakomu zinazokubali kufungua pale tu kengele imelia au mkono umeinuliwa, hiyo ijaribu kwa kidole kwanza, bonyeza ukiwa umetundika mkono uone kama geti linaachia. Kama haliachii mpaka uinue, utahitaji kuiga na kuinua pia, na kazi inakuwa mara mbili.

Haya, mama. Mama msimuwekee otomatiki. Umesema anakaa roshani, na kwa jengo unalonielezea roshani inaangalia getini, mama anaona nani amesimama pale kuliko intakomu yoyote ya kamera. Mpe rimoti. Kuna vile vipokezi vidogo vya redio vya 433 MHz, Kariakoo vimejaa kwenye maduka ya vitasa na mageti, kinakuja na rimoti mbili kama za alamu ya gari, ndani kina relei moja. Relei ni swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole, ina sehemu tatu za kuunga, wewe unataka ile iliyoandikwa COM na ile iliyoandikwa NO, hizo mbili unaziunga sambamba na kitufe cha intakomu, kitufe cha zamani kinabaki palepale na kinafanya kazi vilevile. Kipokezi kipe umeme wake kutoka soketi ya jikoni kwa adapta ndogo ya volti 12 DC. Usiibe umeme wa intakomu. Najua zipo video zinaonyesha kuiba, lakini ile transfoma ya chini ilipimwa kwa kitasa na sauti, na kwenye mfumo wa dijitali ukiiba kidogo tu flati za juu zinaanza kukoroma.

Kitu kimoja kwenye hicho kipokezi kinaunguza vitasa vya watu. Kina namna tatu za kufanya kazi: kufunga relei muda ule tu kidole kiko kwenye rimoti, au kubonyeza mara moja inawaka na mara ya pili inazima, au vitufe viwili kimoja kuwasha kimoja kuzima. Unataka ya kwanza tu. Vingi ukibonyeza kitufe cha kujifunza rimoti, kile kilicho kwenye kipokezi chenyewe, mara 1 halafu ukabonyeza rimoti anaingia kwenye hiyo ya kwanza, mara 2 anaingia ya pili, lakini hakikisha kwa sikio kabla hujaunga waya wowote: tak ukibonyeza, tak ukiachia. Wakikuwekea ya pili mama atabonyeza mara moja, geti litafunguka, koili itabaki na umeme mpaka ianze kutoa harufu ya kuungua. Na ukinunua uliza kama rimoti ni ya kodi (namba ya siri inayoirusha) inayobadilika kila ukibonyeza. Za bei ya chini zina kodi ileile maisha yote, nyingi ni chipu ya EV1527, na mtu mwenye rimoti ya kunakili akisimama karibu mama akibonyeza anaiokota. Kwa geti la nje la pamoja mimi ningelipa zaidi nipate ya kubadilika.

Hiyo peke yake inamaliza robo tatu ya shida yako, na kuna wateja nimewaishia hapohapo hawakurudi tena. Lakini mtoto saa nyingine atakuta bibi kalala, kwahiyo twende na yeye.

Hapa unahitaji kitu kinachosikia kengele na chenye akili kidogo. Mimi natumia bodi ndogo ya kompyuta yenye chipu ya ESP8266, ile inaitwa D1 mini, ina waifai yake, unaipa umeme kwa chaja ya simu ya kawaida, na programu yake naandika kwa ESPHome, mfumo wa kuandikia programu za bodi kama hizi, kwa sababu ni mistari michache na ukiacha kuuliza saa haihitaji intaneti kufanya kazi. Inaunga sehemu mbili. Relei yake sambamba na kitufe, kama ya mama. Na sikio lake kwenye kengele, ambalo usiliunge moja kwa moja maana pini zake ni za volti 3.3, AC ya 12 ikiingia pale unanunua nyingine. Katikati weka optokapla, PC817 ni ya bei ya pipi, ndani ina kitaa, yaani taa ndogo, na jicho, kengele inawasha kitaa, jicho linaona linaambia bodi, umeme wa pande mbili haugusani kabisa. Upande wa kengele weka rezista (kipunguza umeme) ya kilo-om 1 ili kitaa kisiungue, na dayodi (inapitisha umeme upande mmoja tu) ndogo ya 1N4148 sambamba na kitaa lakini imegeuzwa, kwa sababu kitaa cha PC817 kinavumilia volti 6 tu kikipewa kinyumenyume na AC inageuka mara 50 kwa sekunde. Wengi hii dayodi wanairuka, inafanya kazi wiki mbili halafu kengele haisikiki tena, wanasema programu mbaya. Kama intakomu yako inalia kwa mlio wa kielektroniki badala ya lile bazaa la zamani, pima kwanza, volti zake zinaweza kuwa kidogo na rezista itabidi iwe ndogo.

Kwenye programu, ile AC inafika kama kuwaka-kuzima haraka sana, kwahiyo mwambie asubiri kama milisekunde 100 za kimya ndio ahesabu kengele imeisha, la sivyo mbonyezo mmoja utahesabiwa ishirini.

Sasa masharti, na hapa ndio kazi yenyewe, waya ulikuwa utangulizi. Geti lifunguke lenyewe ikiwa mambo matatu yametimia kwa pamoja: ni siku ya shule, ni kati ya saa tisa na saa kumi jioni, na kengele imebonyezwa kwa mpigo wenu, mfano fupi-fupi-ndefu. ESPHome inajua kusoma mipigo ya hivyo bila shida. Bodi ikishafungua mara moja ijizime mpaka kesho. Relei ishike sekunde 2 tu, na muda huo uandikwe ndani ya amri ya relei yenyewe, sio kwenye kitu kingine huko nje kinachoweza kuganda katikati. Na itoe mlio mdogo ndani ili bibi ajue geti limefunguka, asishtukie tu mtu mlangoni. Mpigo mtoto atawaambia rafiki zake, watoto ndivyo walivyo, ubadilishe kila muhula.

Kwenye saa kuwa makini na lugha yetu. Kifaa kinahesabu saa 0 mpaka 23 na saa tisa jioni kwake ni 15. Fundi mwenzangu aliandika 9, geti likawa tayari kila siku saa tatu asubuhi, mtoto alasiri anapiga mpigo wake pale chini haumfungulii mtu, na wamekaa wiki nzima wanalaumu waifai. Na bodi haina saa ya kwake, inaiuliza mtandaoni, umeme ukikatika ukarudi na intaneti haijarudi haijui ni saa ngapi. Hapo mwambie ikiwa hujui saa, usifungue. Au mpe saa ya DS3231 yenye betri ya kidonge, inakumbuka hata umeme ukiondoka.

Umeme ndio ulinifundisha hii kazi. Ya kwanza kabisa niliyofunga, miaka imepita, ilikuwa nzuri mchana kutwa, mteja kafurahi, kanipa na soda. Usiku umeme ukakatika, ukarudi kama saa nane, ukakatika tena, ukarudi, na kila ukirudi geti chini linanguruma linaachia lenyewe, hakuna mtu. Mlinzi alitoka pale, akakaa ng'ambo ya barabara mpaka alfajiri, asubuhi anasema jengo lina jini na yeye kwa mshahara ule hapambani na jini. Lilikuwa relei langu. Nilinunua zile zinazowaka pini ikiwa chini, na nikaunga kwenye pini ambayo bodi ikiamka inairusharusha. Tangu siku hiyo nanunua relei inayowaka pini ikiwa juu, natumia pini ya GPIO5 kwa relei na GPIO4 kwa kengele kwa sababu zinatulia wakati wa kuamka, sigusi 0, 2, 15 wala 16, naweka rezista ya kilo-om 10 inayovuta pini ya relei chini, na sekunde 30 za kwanza baada ya kuamka bodi haisikilizi kengele yoyote.

Na kuna nyingine inaendana na hiyo. ESPHome ikikosa waifai, au ikikosa kompyuta yake ya kuzungumza nayo, kwa kawaida inajizima na kujiwasha kila dakika 15, wameiweka hivyo makusudi ijitibu. Ruta ya waifai ikizimwa, bodi inaamka kila robo saa usiku kucha. Kama relei yako inaruka ikiamka, umeelewa geti litafanya nini. Kwenye programu weka reboot_timeout iwe 0s sehemu zote mbili, ya waifai na ya api, yaani ile ya kuzungumza na kompyuta.

Sijamaliza na geti lenyewe. Vile vitasa vya kubandika kwenye geti la chuma, aina kama za CISA, vikipata umeme mara moja vinaachia na vinabaki vimeachia mpaka mtu afungue geti na kulibamiza tena. Maana yake mguso mmoja wa makosa usiku wa manane, geti liko wazi mpaka asubuhi hata kama limeegemea na linaonekana limefungwa. Ndio maana nimekaa sana kwenye hizo rezista. Nenda chini uangalie geti linajirudisha lenyewe au linamtegemea mtu. Kama springi imekufa tengeneza springi kabla ya yote, na kitasa kipake grisi, Upanga bahari iko pale, chumvi inakula ulimi wa kitasa na nusu ya intakomu ninazoitiwa "mbovu" ni kutu tu. Kitasa cha AC kikinguruma kinatoa cheche kwenye relei, weka varista, kidude kinachomeza miruko ya umeme, kwenye nyaya za kitasa. Usiweke dayodi ya 1N4007 hapo, hiyo ni ya vitasa vya DC, kwenye AC unapiga shoti nusu ya muda na transfoma inaondoka.

Utakutana pia na watu watakaokwambia chukua kile kisanduku cha laini ya simu, unaweka laini, unaandikisha namba zenu, ukikibipu kinakata simu na kufungua geti. Ni kizuri, salio hakitumii, na kwa mtoto mwenye simu kingemaliza kazi. Ila wa kwako umesema ni wa darasa la tatu na shuleni simu haziruhusiwi. Ndugu zetu walioko Toronto au Minneapolis intakomu za majengo mengi zinapiga simu ya mkononi ya mpangaji na yeye anabonyeza 9 mlango unaachia, wao wakitaka otomatiki wanaelekeza simu kwenye huduma ya mtandaoni inayojibu na kutoa mlio wa 9, wala hawagusi waya. Huku kwetu kwenye majengo haya waya haukwepeki.

Mwisho kabisa ruhusa. Kitasa, geti na nyaya zinazopanda ni mali ya pamoja, ile sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu ya jengo inalitenganisha lako na la wote, na kama mmepanga basi hata hiyo intakomu ya jikoni ni ya mwenye nyumba. Sikwambii uitishe kikao, mwambie mwenyekiti wa jengo na mlinzi kwa mdomo, waonyeshe, mwambie mlinzi hasa, asije akahama kwa sababu ya jini. Na usiguse transfoma ya chini, pale kuna 230, ya kwako yote inaishia kwenye volti 12 jikoni kwako.

Mimi ningeanza na rimoti ya mama Jumamosi hii, mkae nayo wiki mbili, mkiona mtoto bado anasubiri ndio mfunge bodi. Chora nyaya kwenye karatasi ukunje uweke ndani ya kava la intakomu, fundi atakayekuja baada yangu atakuombea. Rimoti muulize mama anataka kuitundika wapi, mama mmoja wa Kisutu mwanae alimfungia shingoni hakuivaa hata siku moja, tukaifunga kwenye mkono wa kiti chake cha roshani na mpaka leo anaitumia. Na ukishafungua hilo kava niandikie umesoma volti ngapi, AC au DC, na nyaya ziko ngapi, tuendelee kutoka hapo.